Sakata la Albamu ya Goweko: Prodyuza Katukanwa Bure, Hadi Diski Nayo Imesingiziwa

Wiki mbili sasa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapenda muziki wa Tabora stori ni moja tu. Binti mmoja mwenye sauti tamu, mzaliwa wa Goweko, aliingia laivu saa nne usiku, kanga kichwani, macho mekundu, akasema prodyuza wake kamdhulumu albamu nzima.

"Nyimbo kumi na moja, kaka. Kumi na moja! Unaniambia kompyuta imekufa. Mbona simu yako haijafa?"

Hapo ndipo povu lilipoanza. Kufikia asubuhi prodyuza alishaitwa mwizi, mchawi, na muuza masta. Wengine walishawataja hadi wanunuzi: eti nyimbo zimeuzwa kwa msanii mkubwa wa Dar. Huyo msanii wa watu pengine hata Goweko haijui iko upande gani wa ramani.

Ukweli umetoka baadaye, tena kwa watu walioishika kompyuta yenyewe kwa mikono yao, na ni mwingine kabisa. Albamu haikuuzwa. Radi haikuila, na hadi diski haikufa. Nyimbo zilifutwa na mtu aliyekuwa anasaidia, kwa nia njema, ndani ya dakika ishirini. Ndiyo maana sakata hili linamhusu hata yule ambaye hajawahi kushika maiki, mradi ana laptopu nyumbani yenye picha za harusi au kazi ya chuo.

Kwa asiyepajua, Goweko ni stesheni kwenye Reli ya Kati, wilaya ya Uyui, mashariki ya Tabora mjini. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini kabla ya reli nchi hii ya Unyamwezi ndiyo ilikuwa njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, na Wanyamwezi ndio waliosifika kwa upagazi. Siku hizi kijana anakaa hapo hapo na studio ya chumba kimoja: godoro ukutani kuzuia mwangwi, maiki moja, na kompyuta ya mezani ya mtumba iliyostaafu ofisi ya watu. Biti zinatoka hapo, sauti zinaingia hapo, na kila kitu kinalala hapo hapo.

Siku ya tukio ilikuwa mvua na ngurumo. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi kwa kishindo. Taa ya chumbani ikapasuka. Kompyuta ilikuwa imechomekwa moja kwa moja ukutani, bila stabilaiza wala chochote cha kuikinga. Ikazima. Asubuhi yake ukibonyeza kitufe, feni inazunguka sekunde mbili, inakata. Unabonyeza tena, feni, inakata. Kioo cheusi tii. Hakuna nembo, hakuna mlio.

Akaitwa fundi wa jirani, kijana wa simu, mtu wa watu, anayependwa kitaa. Akainama, akabonyeza, akasikiliza, akatoa hukumu: "Hadi diski imekwenda hiyo."

Hiyo hukumu ndiyo mwanzo wa msiba, na inatolewa kila siku kwenye vibanda kuanzia Tabora hadi Kariakoo. Kompyuta hata ukiitoa hadi diski yote ukaiweka mezani, bado itawaka. Itaonyesha nembo ya kampuni, halafu italalamika kwamba haioni kifaa cha kuwashia. Maana yake ni rahisi: kama kioo ni cheusi kabla hata ya nembo, mshukiwa wa kwanza si hadi diski. Mshukiwa ni umeme wenyewe, pawa saplai, ramu, au madabodi.

Hadi diski ikiumwa huwa inaumwa kwa namna yake. Kompyuta inawaka vizuri, nembo inakuja, halafu inaganda. Kufungua folda moja kunachukua muda wa kuchemsha chai. Faili zinapotea leo, zinarudi kesho, zinakataa kunakiliwa. Na ile ya kizamani yenye sahani zinazozunguka inaweza kuanza kugonga, ka-ka-ka, kama mtu anabisha hodi kwa kucha. Ukisikia hivyo, zima. Usisubiri amalize kubisha. Ndani yake sahani zinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Kichwa kikishaanza kugusa, kila dakika unayoiacha iwake ni picha nyingine imekwanguliwa.

Madabodi nayo ina tabia zake. Inawaka na kuzima yenyewe. Inapiga milio, mmoja mrefu na miwili mifupi, au mfululizo, na hiyo milio si kelele, ni lugha. Kila kampuni ina yake na maana zake zimeandikwa. Matundu ya USB yanakufa moja moja. Kapasita, vile vikopo vidogo vimesimama kama mitungi, vinavimba kichwani au kuvuja. Mashine nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliangamia hivyo dunia nzima kwa sababu ya kapasita mbovu. Na kuna ile ya saa kurudi nyuma: unawasha kompyuta inakuambia tarehe ni 2009, mtandao unakataa kufungua kurasa. Watu wameuziwa madabodi nzima kwa tatizo hilo, wakati kilichokufa ni kibetri cha duara cha CR2032 ambacho bei yake haifiki mbali na sahani ya chips mayai.

Sasa fundi makini anaanzaje kwenye kioo cheusi? Anaanza na vitu vya bure. Anachomoa waya wa umeme kwanza. Anabadilisha waya, anabadilisha tundu la ukutani. Anatoa ramu, anasugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, anarudisha moja moja. Inachekesha, lakini kifutio kimefufua kompyuta nyingi. Anajaribu pawa saplai nyingine inayojulikana kuwa nzima. Halafu anachomoa hadi diski na kuwasha bila hiyo. Hili la mwisho lina sababu yake, maana haki ya hadi diski nayo ina mipaka: umeme ukiingia kwa nguvu, kidude kidogo cha ulinzi kwenye bodi ya hadi diski kinaweza kuungua na kuunganisha njia za umeme, na hapo pawa saplai inagoma kuwaka kabisa. Ukiichomoa mashine ikafufuka, umempata. Na hata hapo mara nyingi data kwenye sahani iko salama, imelala tu.

Pale Goweko hakuna kati ya hayo kilichofanyika. Kijana alichomoa hadi diski, akaenda nayo kwake, akaipachika kwenye mashine nyingine. Ikaanza kuwaka, nembo ya Windows ikaja, ikaganda. Ni kawaida, ile Windows ilizoea madabodi nyingine, imeamka nyumba ya watu, imechanganyikiwa. Yeye akaona ushahidi wa mwisho. "Windows imekufa, naipiga upya."

Baada ya dakika ishirini akamtumia prodyuza picha WhatsApp: kioo kinang'aa, mandhari mpya ya bluu. "Bro imepona!"

Sasa fikiria. Hadi diski iliyotangazwa marehemu asubuhi, mchana imebeba Windows nzima na inakimbia vizuri. Huo ndio uthibitisho kwamba haikuwahi kufa. Ilikuwa nzima, na nyimbo zote kumi na moja zilikuwa ndani, hadi pale alipobonyeza kitufe cha kufomati.

Ilikuwa imegawanywa C na D kama mafundi wengi wanavyopenda. D haikuguswa, kwa hiyo biti zimebaki. Lakini sauti za binti, zote, prodyuza alikuwa anaziweka kwenye desktopu, pale mbele ya macho, kwa sababu ndipo panapofikika haraka. Na desktopu iko ndani ya C. Wengi hawalijui hilo. Ukiona faili mbele ya macho unadhani liko salama zaidi, kumbe ndilo la kwanza kuzolewa.

Kati ya hizo sauti kulikuwa na moja ambayo haiwezi kurudiwa. Wimbo wa mwisho wa albamu unaanza na bibi yake binti, anaimba wimbo wa kutwanga kwa Kinyamwezi, bila ala, kama dakika mbili hivi. Alirekodiwa Jumapili moja akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mle studio, analalamika joto. Miezi miwili baadaye akafariki. Nyimbo nyingine kumi binti anaweza kuziimba upya hata kesho. Hiyo hapana. Ukilijua hilo, yale machozi ya laivu unayatazama kwa jicho lingine.

Lakini kulia ni haki yake, kumwita mtu mwizi mbele ya maelfu si haki yake. Hilo lazima lisemwe, maana mitandaoni huruma ikishaanza hakuna anayeuliza ushahidi. Prodyuza hakuiba. Kosa lake ni lingine, na ni kubwa vile vile: aliweka kazi ya mtu kwenye sanduku moja, nakala moja, bila hata flashi. Flashi ya kutosha albamu nzima inauzwa bei ya vocha za wiki. Alikuwa analipwa kutunza, si kurekodi tu. Akitaka kusema "umeme ndio umeniponza", asubiri kwanza ajibu hilo.

Na kijana wa simu? Watu wanamtetea kwamba hakujua. Sawa, hakujua. Lakini kuna swali moja ambalo halihitaji kujua chochote: "Kuna kitu cha maana humu ndani?" Anayepiga Windows kabla ya kuuliza hivyo ni sawa na daktari anayekata mguu kwanza halafu anauliza unaumwa wapi. Zamani mpagazi akianguka njiani, mzigo unahamia bega lingine, msafara unaendelea. Hakuna aliyekuwa anatupa pembe porini kisha anashangilia kwamba mpagazi kaamka. Goweko walishangilia mpagazi.

Wanaodhani huo ni ushamba wa kijijini wajue Hollywood nao yaliwakuta. Mwaka 1998, katuni ya Toy Story 2 ikiwa inatengenezwa pale Pixar, mtu alitoa amri ya kufuta na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kuyeyuka mbele ya macho yao. Wakakimbilia bakapu, wakakuta bakapu hazifanyi kazi na hakuna aliyewahi kuzikagua. Filamu iliokolewa na mfanyakazi mmoja aliyekuwa amejifungua karibuni, ambaye alikuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kwake ili afanyie kazi huku analea. Studio ya mabilioni, imeokolewa na mama mwenye kichanga.

Na Tabora hii hii, Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, bendi za enzi za wazee, zinasikika mpaka leo. Enzi hizo kurekodi ilikuwa shughuli, na kanda zikirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zilibaki kwenye rafu za watu ambao kazi yao ni kutunza. Leo kurekodi kumekuwa rahisi mno, na kutunza hakuna aliyeachiwa. Dogo wa sasa ana studio nzuri kuliko wale wazee walivyoota, lakini rafu hana.

Hadi diski hiyo iliokolewa, kwa kiasi, na dada mmoja fundi wa Tabora mjini. Cha kwanza alichofanya ni kuzima. Alipoambiwa Windows mpya imeshaanza kutumika, watu wameshaingia hadi YouTube, alishika kichwa. Faili likifutwa kwenye hadi diski inayozunguka haliondoki hapo hapo. Kinachofutwa ni anwani yake, lenyewe linabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu. Kila wimbo uliochezwa YouTube baada ya hapo ulikuwa unaweza kukalia kiti cha bibi.

Hakuweka programu yoyote ya kurejesha kwenye hadi diski hiyo, maana hata hiyo programu ingeandikwa juu ya maiti. Aliichomeka kama mgeni kwenye mashine yake, akanakili hadi diski nzima kwenda nyingine kwa programu ya bure iitwayo ddrescue, kisha akafanya kazi juu ya nakala tu. Ndiyo njia hiyo hiyo hata kwa hadi diski inayokufa kweli: nakili kwanza, chunguza baadaye. Wale wanaokimbilia ukaguzi wa Windows kwenye hadi diski inayogonga wanaimaliza. Wanaoifungua kwa bisibisi ili waone ndani, kwa vumbi la Goweko, wanaizika. Wanaoiweka kwenye friza kwa sababu waliona video, basi tena. Na kuhamisha bodi ya kijani kutoka hadi diski inayofanana hakutoshi siku hizi, kwa kuwa kuna kichipu kinachotunza vipimo vya ile hadi diski yake tu.

Bahati yao ilikuwa ukale wa mashine. Ingekuwa SSD, Windows ikishafomati huiambia isafishe yenyewe, na baada ya hapo hakuna fundi wa kumpigia.

Wenye laptopu mpya nao wasicheke. Windows 11 nyingi hujifunga kwa BitLocker bila hata mwenyewe kutambua, na funguo inalindwa na kichipu cha madabodi. Madabodi ikifa, hadi diski ni nzima lakini inakuomba namba 48 za kuifungulia. Kwa wengi namba hizo zimelala kwenye akaunti ya Microsoft waliyoifungua siku ya kununua na nywila wameshaisahau. Zitafutwe leo, mashine ikiwa hai. Kwenye laptopu nyingine nyembamba, zikiwemo MacBook za miaka ya karibuni, hifadhi imeunganishwa kwenye madabodi yenyewe. Hapo kuchomoa hakupo.

Halafu kuna faragha, ambayo watu huikumbuka picha zikishavuja. Mwaka 2008 staa mmoja wa filamu wa Hong Kong alichafuka dunia nzima baada ya picha zake za chumbani kunakiliwa laptopu ikiwa kwa mafundi; mwaka uliofuata fundi mmoja akafungwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, lakini sheria inakuja picha zikishaenda. Kama tatizo ni madabodi na hadi diski inatoka, itoe, baki nayo nyumbani. Fundi muungwana hatakasirika.

Na kompyuta yenyewe? Dada fundi aliipima: pawa saplai imekufa, na kwenye madabodi kuna alama nyeusi karibu na prosesa. Akamwambia prodyuza waziwazi kwamba kutengeneza ni kupoteza hela, anunue mtumba mwingine wa rika hilo, na kabla ya kununua maiki mpya anunue UPS.

Kutoka kwenye ile nakala zimepatikana faili 640 za sauti. Hazina majina. Programu ikifukua namna hiyo inaleta sauti bila jina wala tarehe, namba tupu: nyingine nzima, nyingine zimekatika katikati, nyingine ni kikohozi na "ngoja nianze tena". Hakuna njia nyingine zaidi ya kuzisikiliza moja moja.

Binti ameshaifuta ile laivu. Msamaha wa hadharani bado, na anadaiwa. Lakini majirani wanasema kila jioni anakwenda studio, wanakaa yeye na prodyuza, kila mmoja na spika yake ya masikio, hawaongei. Nyimbo nne zimeshapatikana nzima. Hadi Jumapili walikuwa wamefika faili la 214, na bibi bado.